Stoo ya kituo cha kompyuta inabomolewa: niokoe mashine au makaratasi?

SWALI: "Nimefanya kazi katika kituo cha kompyuta cha taasisi yetu tangu enzi za mashine moja iliyojaza chumba kizima. Jengo sasa linabomolewa, nami nimepewa miezi mitatu niiondoe stoo. Mna kompyuta tatu za zamani, tepu za sumaku zipatazo sitini, maboksi ya diski laini, na makabati manne ya makaratasi ambayo hayajafunguliwa kwa miaka mingi. Wakubwa wangu wanataka kompyuta moja iwekwe ukumbini iwe kumbukumbu, na vilivyobaki vitupwe. Nikazanie kuokoa nini, na nivitunze vipi ili atakayekuja baada ya miaka hamsini avielewe?"

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla gari la taka halijafika, maana barua nyingi za namna hii hunifikia wiki moja baada ya hapo. Swali lako limebeba mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: kitu gani katika stoo kina thamani kubwa kuliko vingine, na kitu gani kinakufa upesi kuliko vingine. Ukiyachanganya, utaimaliza miezi yako mitatu ukipangusa vumbi kwenye kompyuta ambayo huenda makumbusho kadhaa wanayo tayari, huku kilicho cha kwenu peke yenu kikiozea kabatini. Kwa maelezo uliyonipa, chenye thamani kubwa ni makaratasi, kinachokufa upesi ni tepu na diski laini, na kompyuta zenyewe, ambazo wakubwa wako wamezipenda kwa sababu zinaonekana, zinafuata nyuma ya vyote viwili.

Kompyuta iliyotoka kiwandani ilitoka pamoja na nyingine nyingi zilizofanana nayo. Daftari la zamu la kituo chenu, lenye saa mashine ilipozimika, jina la aliyeiwasha tena na sababu aliyoiandika pembeni, halikuwa na pacha hata siku lilipokuwa jipya. Na historia ya fani hii imetuonyesha zaidi ya mara moja kwamba karatasi ikibaki, mashine inaweza kurudi. Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, hakuijenga mashine yake ya pili ya kukokotoa tofauti, mtambo wa magurudumu ya kukokotoa majedwali ya hesabu, aliouchora kati ya 1847 na 1849. Alichoacha ni michoro. Michoro hiyo ilitunzwa, na Makumbusho ya Sayansi ya London, chini ya uongozi wa Doron Swade, wakaitumia kuijenga mashine yenyewe. Sehemu ya kukokotoa ilikamilika mwaka 1991 na ikakokotoa kama mwenyewe alivyokusudia, zaidi ya miaka 140 baada ya kalamu yake kuinuliwa.

Linganisha na Colossus, mashine iliyobuniwa na Tommy Flowers ikaanza kazi Bletchley Park, Uingereza, mwaka 1944 kwa ajili ya kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Vita vilipokwisha, mashine nyingi za aina hiyo zilivunjwavunjwa kwa amri, na Flowers mwenyewe akaagizwa azichome nyaraka zake. Tony Sale na wenzake walipoanza kuijenga upya mwaka 1993, walikuwa na picha chache, vipande vya michoro ya saketi ambavyo mafundi wachache walivificha kinyume cha amri, na kumbukumbu za wazee waliokuwa hai. Iliwachukua hadi 2007. Huwafikiria mara nyingi wale mafundi waliovunja amri kwa karatasi mbili tatu mfukoni. Sisi watunza nyaraka, ambao kazi yetu ni kufuata taratibu, tuna deni kwao ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Kwa EDSAC, kompyuta ya Cambridge iliyoanza kazi mwaka 1949, mambo yalikwenda vivyo hivyo: waliokuwa wakiijenga upya walitegemea zaidi picha, hadi mwaka 2014 ilipojitokeza michoro 19 ya saketi iliyokuwa mikononi mwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika maabara hiyo, ambaye aliinusuru ilipokuwa ikielekea kutupwa.

Sasa tuingie kabatini. Utashawishika kutafuta kwanza vitabu vya maelekezo vilivyochapwa na kiwanda, kwa kuwa vinapendeza na vina majalada magumu. Viweke pembeni, huenda vipo kwingine. Anza na kilichoandikwa kwa mkono: madaftari ya zamu, rasimu za programu, ramani za nyaya zilizorekebishwa kwa kalamu nyekundu, barua za malalamiko kwa muuzaji wa mashine, ratiba za nani alitumia kompyuta saa ngapi.

Ili uone ukurasa mmoja unavyoweza kubeba mengi, chukua ule wa tarehe 9 Septemba 1947 katika daftari la mashine ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, ambao leo uko katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Saa 9:45 alasiri, waendeshaji walimkuta nondo ndani ya swichi ya umeme namba 70 kwenye paneli F. Walimbandika ukurasani kwa utepe wa gundi, na chini yake wakaandika kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza cha kweli cha mdudu kupatikana. Kwa Kiingereza neno hilo la mdudu, "bug", ndilo linaloitwa pia hitilafu ya programu, na hadithi inayosambaa ni kwamba neno lilizaliwa siku hiyo, mikononi mwa Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta aliyefanya kazi na mashine hiyo. Ukurasa wenyewe unaikanusha hadithi. Mtu hawezi kutania kwamba amempata mdudu "wa kweli" kama wenzake hawajazoea kuwataja wadudu wasio wa kweli, na kwa hakika Thomas Edison alikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya hitilafu katika barua za miaka ya 1870. Hopper aliisimulia habari hiyo kwa ufundi, nasi tukampa nondo awe wake. Kama daftari lingetupwa na hadithi ikabaki, tusingekuwa na cha kuisahihishia.

Rasimu nazo usizidharau kwa kuwa zina makosa. Programu ya kwanza kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya Manchester, tarehe 21 Juni 1948, haikutunzwa kama Tom Kilburn alivyoiandika. Tulicho nacho ni toleo lililorekebishwa, katika daftari la Geoff Tootill, lenye tarehe ya Julai 18. Yaani chimbuko la kazi ambayo leo inaajiri mamilioni ya watu tunalijua kwa sababu mtu mmoja alikuwa na tabia ya kunakili.

Halafu kuna karatasi zinazochosha: mikataba, ankara, mihtasari ya vikao. Hapa nakuomba uvumilivu. Mkusanyo mmoja mkubwa sana kuhusu miaka ya mwanzo ya kompyuta za elektroni haukuokolewa na wanahistoria wala wahandisi, bali na wanasheria. Kampuni za Honeywell na Sperry Rand zilipopelekana mahakamani kuhusu hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya ENIAC, kompyuta ya elektroni ya mwanzo ya Marekani, pande zote mbili zilikusanya vielelezo zaidi ya 30,000, na Jaji Earl Larson alipotoa hukumu mwezi Oktoba 1973 ya kuibatilisha hataza, nyaraka zile hazikuwa na kazi tena kwa wenyewe. Nyingi zake sasa zimo katika Taasisi ya Charles Babbage, Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako watafiti wanazisoma kwa maswali ambayo hakuna wakili aliyewahi kuyafikiria.

Kabla hujagusa jalada hata moja, piga picha. Picha ya kabati likiwa limefungwa, likiwa wazi, kila droo kutoka juu, kila lebo. Kisha yaondoe majalada kwa mpangilio uleule uliyoyakuta na uyape namba kwa mpangilio huo: kabati la 2, droo ya 3, jalada la 7. Usipange upya kwa mada. Najua mkono utawasha. Niliwahi kupokea nyaraka za kituo kimoja ambako msaidizi mwenye bidii alikuwa amezitenganisha vizuri kabisa, barua upande wake, ripoti upande wake, michoro upande wake, zote kwa tarehe. Ilipendeza machoni. Lakini mchoro mmoja ulikuwa na alama ya kutu ya klipu kwenye kona, na katika rundo la barua, karatasi zaidi ya mia nne, mlikuwa na moja yenye kutu ya umbo lilelile. Kwa alama hiyo tu ndipo tulipojua kwamba mchoro ulikuwa kiambatisho cha barua, na barua hiyo ndiyo iliyoeleza kwa nini mashine ilibadilishwa. Mengine yote yaliyowahi kubanwa pamoja hatukuweza kuyarudisha. Kanuni ya kuziacha nyaraka za asili moja zikae pamoja iliwekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841, na sababu yake ni hii hii: mpangilio wa mwenye ofisi ni ushahidi wa jinsi alivyofikiri, hata pale unapoonekana kuwa fujo. Klipu za chuma ziondoe, kwa kuwa kutu hula karatasi, lakini karatasi zilizokuwa pamoja zitie ndani ya karatasi moja iliyokunjwa ili ziendelee kuwa pamoja.

Picha za watu zinahitaji kazi yako wewe hasa, kwa kuwa wewe unawajua waliomo. Mwaka 1946 ENIAC ilipoonyeshwa hadharani, picha zilipigwa zenye wanawake wamesimama mbele ya paneli zake. Miongo kadhaa baadaye, Kathy Kleiman alipouliza ni akina nani, aliambiwa kwamba walikuwa wanamitindo waliowekwa kuipendezesha mashine. Kumbe ndio walioiandikia programu. Majina ya waandaaji programu wale sita, Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman, yangeweza kukaa nyuma ya picha kwa mistari miwili ya penseli. Andika basi mistari hiyo: penseli laini, nyuma ya picha, karibu na ukingo, bila kukandamiza ili maandishi yasijitokeze usoni mwa mtu. Kalamu ya wino usiitumie kabisa.

Tepu na diski laini ndizo zinazokimbizana na muda. Kosa ninaloliogopa zaidi ni mtu kupata kisomeo cha zamani, akafurahi, akachomeka tepu aone kama bado inafanya kazi. Chembe za sumaku zimeshikizwa kwenye utepe wa plastiki kwa gundi, na katika tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa ikawa kama ulimbo. Tepu ikipita kwenye kichwa cha kusomea, gundi hunata, chembe hubanduka, na data huondoka pamoja nazo ikiwa unga wa kahawia kwenye mashine. Wataalamu huipasha tepu ya namna hiyo joto la nyuzi hamsini hivi kwa saa nyingi, hadi siku kadhaa, gundi ikaze kwa muda, kisha huisoma upesi kabla haijarudia hali yake. Hiyo si kazi ya jiko la nyumbani. Yako wewe ni kuzisimamisha wima kama vitabu, mahali pakavu penye ubaridi usiobadilikabadilika, na kupiga picha kila lebo na kila ganda, mbele na nyuma. Ukifungua ganda ukasikia harufu ya siki, itenge tepu hiyo na wenzake, maana plastiki yenyewe imeanza kuoza na mvuke wake huwadhuru majirani.

Usisahau kuandika tepu zilirekodiwa na mashine gani. Picha za Mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967 zilibaki kwenye tepu kwa miaka zaidi ya arobaini, na shida haikuwa tepu tu: visomeo vyake, aina ya Ampex FR-900, vilikuwa karibu kutoweka duniani. Nancy Evans, mtunza nyaraka aliyekataa tepu zitupwe, alitunza pia visomeo vichache vibovu kwenye gereji yake. Kuanzia mwaka 2008 kikosi kidogo kilivikarabati, na picha zikatoka zikiwa safi kuliko zilivyoonwa wakati wa safari zenyewe. Tepu bila jina la kisomeo ni kama barua katika hati ambayo hakuna aliyebaki wa kuisoma.

Diski laini ni rahisi zaidi, nazo unaweza kuanza nazo mwenyewe ukiwa na mtu mwenye vifaa. Kwanza iweke kila diski katika hali ya kuzuia kuandika (kwenye ile ya inchi tano na robo ziba pengo la pembeni, kwenye ile ya inchi tatu na nusu sogeza kibati hadi kitundu kiwe wazi), maana kompyuta ya leo inaweza kubadilisha kitu kwenye diski bila hata kukuuliza. Kisha usinakili mafaili. Nakili diski nzima, njia kwa njia, ikiwezekana kwa kifaa kinachosoma mabadiliko ya sumaku yenyewe badala ya kusubiri kompyuta iyaelewe. Mwaka 2014 wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walizisoma kwa uangalifu wa namna hiyo diski za mchoraji wa Marekani Andy Warhol, zenye picha alizochora kwa kompyuta ya Amiga mwaka 1985. Baadhi ya mafaili yalikuwa ya umbizo (namna ya kupanga data) ambalo programu za kawaida hazikulijua, ikabidi walichambue wenyewe. Aliyenakili mafaili anayoweza kuyafungua tu angeyaacha hayo nyuma.

Kila nakala ikishapatikana, ikokotolee hashi, kwa mfano SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika kabisa hata biti moja ya faili ikibadilika. Iandike katika faili la maandishi ya kawaida pembeni mwa nakala. Weka nakala tatu, moja ikiwa katika jengo jingine, na uzikokotoe upya kila mwaka ulinganishe. Hifadhi isiyokaguliwa huharibika kimyakimya, na siku mtu anapoihitaji ndipo inapogundulika kwamba nakala zote tatu zilitokana na moja iliyokwisha kuharibika.

Programu zenu nazo huenda zimo kabatini na wala si kwenye tepu. Tazama yale mafurushi ya karatasi pana zenye vitobo pembeni, zilizokunjana kama kinanda cha mkono. Mengi yatakuwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mwandishi alivyoyaandika, uliochapwa mzima. Msimbo wa kompyuta iliyoviongoza vyombo vya Apollo unaendeshwa leo kwenye programu za kuiga mashine kwa sababu machapisho ya namna hiyo yalibaki katika chuo cha MIT, Marekani, yakaskaniwa, na toleo la mwanzo la mfumo endeshi wa Unix lilifufuliwa kutokana na chapisho la mwaka 1972. Usiyachane karatasi kwenye mikunjo ili yaingie skana. Piga picha ukurasa kwa ukurasa kutoka juu.

Kuhusu kompyuta zenyewe nitasema kwa ufupi. Usiziwashe, kwa kuwa kapasita zilizozeeka zinaweza kupasuka na kuchoma vingine. Zifungue leo, utoe betri yoyote iliyogandishwa kwenye ubao, maana asidi au alkali yake hula njia za shaba. Piga picha bao zote, na namba zake za utambulisho zitie kwenye orodha ileile ya makabati. Baada ya hapo wape wakubwa wako ile moja ya ukumbini kwa moyo mkunjufu. Inaweza kuwa ndiyo bei ya kuruhusiwa kubaki na mengine.

Waliofanya kazi hapo wahoji kabla hujayakabidhi makaratasi, na uende nayo. Ukimwambia mzee "nieleze historia ya kituo," atakupa hotuba ya kustaafu. Ukimwekea mbele ukurasa wa daftari wenye mwandiko wake na kumwuliza kwa nini mashine ilizimwa usiku ule, atakumbuka harufu ya chumba. Taasisi ya Charles Babbage niliyoitaja imerekodi mamia ya mahojiano, na yanayosomeka vizuri ni yale ambayo mhojaji aliingia na nyaraka mkononi. Msiishie kwa wakurugenzi. Tafuteni akina mama waliotoboa kadi na vijana wa zamu ya usiku, kwa kuwa wao ndio waliojua mashine ilifanya nini tofauti na ilivyotakiwa kufanya.

Mtakuta pia orodha za mishahara au taarifa za watu binafsi. Msizichome kwa woga. Zifungeni katika bahasha, andikeni juu yake sababu na mwaka zitakapoweza kufunguliwa, na mwachieni mwanasheria wa taasisi athibitishe. Mtakapokabidhi kwa hifadhi ya nyaraka au maktaba ya chuo, ombeni hati ya makabidhiano inayosema nani ana haki ya kunakili, hasa programu zilizoandikwa na wafanyakazi wenu.

Mwisho, kwa huyo wa miaka hamsini ijayo, mwandikie waraka wa kurasa mbili uukalishe juu ya boksi la kwanza: wewe ni nani, stoo ilikuwaje, nani alikusaidia, mpangilio ulioukuta na uliobadilika. Ongeza ukurasa wa tatu wenye orodha ya vyote ulivyovitupa, kwa idadi na aina, na kwa nini. Mtafiti akikuta madaftari ya zamu yanaruka kutoka mwaka mmoja hadi wa tatu, atahitaji kujua kama mwaka wa katikati uliliwa na mchwa, uliondolewa na mtu, au kituo kilikuwa kimefungwa tu.